Banda la mbuni: mwongozo wa kuzuia bakteria na ukungu, kuanzia kinyesi hadi yai

Kila anayeanza kufuga mbuni huja na maswali yaleyale. Je, huyu ndege anaweza kuniambukiza ugonjwa? Mbona mayai yanaoza ndani ya mashine ya kutotolesha? Na kwa nini vifaranga hutotolewa wakiwa wazima, halafu kabla ya wiki mbili kuisha wanakufa matumbo yakiwa yamevimba? Wengi huyauliza kana kwamba kila moja lina jibu lake. Ukweli ni kwamba yote matatu yanaanzia mahali pamoja: kinyesi na unyevu. Ukivimudu hivyo viwili, umemaliza sehemu kubwa ya kazi, na dawa utakayonunua itakuwa kidogo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mfugaji mdogo, kijana aliyeajiriwa shambani na mlezi wa ndege kwenye bustani ya wanyama. Unamfaa pia anayetunza rea, yule ndege mrefu wa nyanda za Brazili, Argentina na Uruguay anayefugwa kwenye bustani nyingi za wanyama duniani. Palipo na tofauti kati yake na mbuni nitasema.

Jambo la sheria kabla ya yote: nchini Kenya mbuni ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Tanzania nayo inamweka chini ya sheria za wanyamapori. Usinunue hata yai moja la kutotolesha kabla ya kuwa na karatasi zako.

Unaopambana nao

Usikariri majina haya, yatambue tu utakapoyaona kwenye majibu ya maabara.

Kwenye utumbo wa ndege mzima kabisa unaweza kukuta Salmonella, Campylobacter, E. koli na Clostridium. Ndege hana dalili yoyote, anakula, anakimbia, lakini kinyesi chake kinaweza kumlaza mtoto hospitalini kwa kuhara na homa. Chlamydia psittaci naye hutoka kwenye kinyesi na makamasi, hukauka, hupeperuka na vumbi, na mtu akimvuta huugua mapafu.

Upande wa fangasi, Aspergillus hukaa kwenye nyasi na maranda yaliyovunda. Cryptococcus hustawi kwenye kinyesi cha ndege kilichokaa siku nyingi. Anajulikana zaidi kwa njiwa, ila njiwa hao ndio wanaolala kwenye mapaa ya mabanda yetu. Candida hukaa mdomoni na tumboni mwa ndege bila shida mpaka ndege adhoofike au apewe antibiotiki kwa muda mrefu.

Andaa hivi kwanza

- Gambuti na ovaroli ambavyo havitoki eneo la banda, hata kwa dakika tano
- Barakoa za N95 au FFP2. Kitambaa na barakoa nyepesi ya buluu havizuii vumbi la ukungu
- Glavu za mpira, nene za kusafishia na nyembamba za kushikia mayai na vifaranga
- Beleshi, reki, toroli na bomba la mgongoni la kupulizia maji
- Sabuni ya unga, Jik na chombo cha kupimia
- Karai pana la kukanyagia dawa mlangoni
- Povidoni-iodini ya kupaka kitovu
- Kipimajoto, kipimaunyevu na mizani inayosoma gramu
- Daftari na kalamu
- Vichupa safi vyenye vifuniko na kisanduku cha barafu
- Namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu

Kama fedha ni haba, anza na barakoa, gambuti na Jik. Mashine ya kisasa inaweza kungoja, mapafu yako hayangoji.

Hatua kwa hatua

1. Kijue kinyesi cha ndege wako akiwa mzima.

Simama nje ya uzio asubuhi kwa siku kadhaa na uangalie tu. Mbuni ana tabia ya pekee miongoni mwa ndege: hutoa mkojo kwanza, halafu ndipo kinyesi kinafuata, kila kimoja peke yake. Mkojo wa ndege anayekunywa vizuri ni mwepesi, wenye weupe kidogo kama maji ya chokaa. Kinyesi cha mkubwa ni mabonge yaliyoshikana. Andika ulichokiona. Siku mkojo utakapokuwa mzito au wa kijani, au mabonge yakageuka uji, utajua siku hiyohiyo, hata kama ndege bado anakula. Asiyejua cha kawaida huja kugundua ndege ameshalala chini, na mbuni mkubwa aliyelala chini ni vigumu sana kumwinua.

2. Tenga upande safi na upande mchafu.

Chora mstari, hata kwa mawe. Nje ya mstari ni viatu vya nyumbani, chakula chako, simu na watoto. Ndani ni gambuti, ovaroli na vyombo vya banda. Karai la dawa liwe kwenye mstari wenyewe, na kando yake ndoo ya maji na brashi. Kwanza sugua tope kwenye gambuti, kisha kanyaga dawa. Wengi huruka brashi, na karai linageuka supu ya matope isiyoua chochote. Badilisha dawa kila siku, na mapema zaidi ikichafuka.

Ukiwa na vifaranga na wakubwa, anza kazi kwa vifaranga, malizia kwa wakubwa, na ndege wagonjwa wawe wa mwisho kabisa. Usirudi nyuma.

3. Changanya dawa kwa kipimo.

Jik nyingi za dukani zina klorini ya asilimia 3.5, lakini soma lebo. Kwa sakafu, vyombo na karai unataka asilimia 0.5. Hesabu ni hii: gawanya asilimia ya lebo kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Kwa Jik ya 3.5 unapata 6, yaani kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji. Kama lebo inasema 5, ni kikombe kimoja kwa tisa. Changanya unachotumia siku hiyo, kwa sababu klorini hupungua nguvu juani na kadiri inavyokaa.

ANGALIZO: klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi. Uchafu huimaliza kabla haijafika kwa kijidudu. Utaratibu ni kuzoa, kusugua kwa sabuni, kusuuza, kuacha maji yachuruzike, halafu ndipo dawa, ikae dakika 10. Tena ukimwaga Jik kwenye mkojo na samadi mbichi hutoka hewa inayochoma macho na kifua. Usiichanganye kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo wala amonia.

4. Ondoa kinyesi bila kutimua vumbi.

Hapa ndipo watu wanapougua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Picha ya kawaida ni hii: banda halijaguswa wiki nzima, kinyesi kimekauka hadi kinapasuka, kijana anakuja na ufagio wa njukuti, mlango umefungwa ndege wasitoke, anafagia kwa nguvu. Kwenye mwanga unaopenya kati ya mabati unaliona vumbi limesimama hewani kama moshi, na haliondoki hata baada ya ufagio kuwekwa chini. Ndani ya vumbi hilo mna mbegu za Aspergillus zenye upana wa maikroni 2 hadi 3, ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Chlamydia anaweza kuwamo, Cryptococcus pia.

Fanya hivi badala yake:

Toa ndege kwanza. Fungua madirisha na milango yote, ngoja upepo upite. Vaa barakoa ukiwa nje, bana chuma cha puani, na kama una ndevu nyingi ujue barakoa haitashika vizuri. Pulizia maji kwa bomba, matone madogo madogo, mpaka kinyesi kiwe na unyevu juu bila kutiririka. Ngoja dakika chache. Zoa kwa beleshi taratibu, weka kwenye toroli, usirushe. Usitumie mpira wa maji wenye presha kwenye kinyesi kikavu, kwani hukivunjavunja na kukirusha hewani sawasawa na ufagio.

Kwenye vibanda vya vifaranga zoa kila siku. Kwenye ua wa wakubwa, zoa mara mbili tatu kwa wiki, ukianza na sehemu wanapolala na kando ya maji. Ua uliobaki jua litakusaidia.

Samadi ipelekwe mbali na banda na kisima, upande upepo unakoelekea. Ukiirundika ikapata joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, bakteria wengi wa utumbo hufa. Lakini Aspergillus fumigatus hupenda joto, na lundo la mboji ni nyumbani kwake. Unapoligeuza, barakoa usoni.

Angalia na mapaa. Njiwa wakilala juu ya banda, kinyesi chao kinaangukia chakula cha mbuni. Ziba matundu kwa wavu.

Sasa neno kwa mwenye shamba. Mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 200, anayetumia dawa za kushusha kinga au anayetibiwa saratani hapaswi kuzoa kinyesi cha ndege, kwa sababu Cryptococcus kwake anaweza kupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Lakini huna haki ya kumuuliza mfanyakazi hali yake. Wape wote barakoa nzuri, waeleze hatari hii wote pamoja, na mwache yeyote achague kazi nyingine ya kulisha au ya uzio bila kutoa sababu. Ukifanya hivyo humfedheheshi mtu, na humwui mtu.

5. Matandiko na chakula: kikinuka ukungu, kitoke.

Maranda na nyasi za vifaranga viwe vikavu kiasi cha kuvunjika mkononi. Chukua konzi, lipeleke puani likiwa umbali kidogo. Ukisikia harufu ya chumba kilichofungwa masika nzima, usiliingize bandani. Usijaribu kulianika ukaokoa: jua hukausha ukungu, mbegu zake zinabaki. Ndege hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa kama sisi, na mifuko yake ya hewa hupata damu kidogo, kwa hiyo mbegu ikitua humo inaota kwa raha. Kifaranga aliyejaa ukungu kwenye mifuko ya hewa mara chache hupona hata kwa dawa.

Aspergillus hahami kutoka kwa ndege kwenda kwa mtu. Wote wawili humvuta kutoka kwenye nyasi ileile, ndiyo maana akiugua kifaranga, nawe chunguza kifua chako.

Mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, na magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Ukungu wa mahindi hutengeneza sumukuvu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui yakiwemo, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mahindi yaliyokukatisha tamaa kusaga ugali usimpe mbuni kwa kisingizio kwamba ni ndege.

Usibadilishe chakula ghafla. Ukitoka kwenye majani makavu kwenda alfalfa mbichi siku moja, Clostridium wa utumboni huzaliana haraka na kutoa sumu, na unaweza kukuta ndege amekufa asubuhi. Changanya cha zamani na kipya kwa siku 7 hadi 10.

6. Maji. Yamwagwe kila siku, chombo kisuguliwe utelezi wa kijani utoke, kisuuzwe kwa dawa, kisha kwa maji safi. Chombo kiinuliwe usawa ambao ndege hawezi kukinyea. Pakiwa na tope kando yake, sogeza chombo.

7. Okota yai mapema, likiwa kavu.

Mbuni wengi hutaga alasiri kuelekea jioni. Kuwa tayari muda huo. Yai likitoka lina joto la mama, na linavyopoa kilichomo ndani husinyaa na kuvuta hewa kupitia matundu ya ganda. Matundu hayo utayaona kwa macho: shika yai karibu na mwanga uone vidoa vidogo vya rangi nzito vimetapakaa ganda zima. Kama limelala kwenye tope wakati linapoa, tope hilo linavutwa ndani pamoja na bakteria zake. Hapo ndipo mayai mengi huharibika, kabla hayajaiona mashine.

Kwa hiyo kiota kiwe na mchanga mkavu, na paa kama ni msimu wa mvua. Badilisha mchanga unapolowa. Vaa glavu safi, mtu mmoja amwangalie dume maana teke lake huja mbele na linaua, wewe okota. Yai lina kilo 1.2 hadi 1.6, libebe kwa mikono miwili.

Kwa rea mambo ni magumu zaidi. Majike kadhaa hutaga kwenye kiota kimoja na dume ndiye anayeatamia, kwa hiyo yai linaweza kulala chini siku kadhaa. Kama hutaki kumwachia dume, okota kila siku.

Yai lenye vumbi lisugue kwa brashi kavu laini. USILIOSHE KWA MAJI BARIDI. Kosa hili nakutana nalo kila mahali, na anayelifanya huwa anadhani amefanya usafi. Maji baridi hulisinyaza yai na kulifanya linyonye uchafu ule ule uliokuwa nje. Kama ni lazima kuosha, maji yawe ya moto kuliko yai, nyuzi 40 hadi 43, yenye dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mayai, haraka, kisha likauke hewani. Yai lililopakaa kinyesi kibichi nusu nzima usiliingize mashine pamoja na mazuri. Hasara ya yai moja ni ndogo kuliko ya trei nzima.

Hifadhi kwenye nyuzi 15 hadi 18, lisizidi siku 7, na geuza kila siku. Andika tarehe kwa penseli.

8. Mashine ya kutotolesha.

Mbuni huchukua siku 42 hivi, rea kati ya 36 na 40. Kwa mbuni weka joto karibu na nyuzi 36 hadi 36.4 na unyevu wa chini, asilimia 25 hivi. Wanaotoka kwenye kuku huweka unyevu mkubwa, kisha hushangaa. Yai la mbuni linatakiwa lipoteze asilimia 13 hadi 15 ya uzito wake kabla ya kutotolewa. Lisipopoteza, kifaranga hutoka amejaa maji, dhaifu, na kitovu hakijafunga, na bakteria hupata mlango. Pima kila wiki. Yai la gramu 1,400 linapaswa kufika takribani gramu 1,190 hadi 1,220.

Kila wiki pia lipige taa gizani. Yai hai lina kivuli kinachokua. Ukiona mabaka meusi au ya kijani kwenye chumba cha hewa, huo ni ukungu. Ukiona matone yanachuruzika kwenye ganda, au harufu ya yai bovu ukikaribia, limeoza. Litoe kwa mikono miwili, liweke kwenye mfuko, ulizike nje. Usilivunje chumba cha mashine ili kuona kilichomo. Yai lililooza linaweza kupasuka kwa kishindo na kunyunyizia mengine yote.

Baada ya kila awamu toa trei, sugua, suuza, weka dawa, kausha. Usifukize formalini: mvuke wake unasababisha saratani, na chumba cha kawaida cha nyumbani hakina njia ya kuutoa.

9. Kifaranga na kitovu chake.

Akishakauka, paka kitovu povidoni-iodini, funika kwa shashi safi kama bado kiko wazi. Mweke kwenye sakafu kavu, yenye joto, isiyoteleza. Tumboni bado ana mfuko wa kiini, chakula chake cha siku za mwanzo, na huchukua kama wiki mbili kuisha. Bakteria wakiingia humo, hasa E. koli, kiini hakinyonywi, tumbo linavimba, kifaranga anazubaa na kufa.

Mwache atembee mchana, juani. Kifaranga anayekimbia hunyonya kiini haraka kuliko anayekaa chini ya taa. Usimpe antibiotiki ya kujikinga. Oksitetrasaiklini ya duka la dawa hufagia bakteria wazuri wa utumbo na kumpisha Candida, kisha siku ukiihitaji kweli haitafanya kazi.

10. Ndege mgeni akae peke yake siku 30. Awe na vyombo vyake na beleshi lake, na alishwe wa mwisho. Kinyesi chake kipelekwe maabara kabla hajachanganywa na wenzake. Rea usimweke jirani na nguruwe: bakteria wa kuhara damu wa nguruwe, Brachyspira hyodysenteriae, amewahi kuua rea wachanga kwa kuozesha utumbo wao.

11. Mzoga. Uondoe siku hiyohiyo. Mzoga uliofichika kwenye majani huzaa funza wenye sumu ya botulizimu, na mbuni akiwadonoa shingo hulegea hadi hawezi kuinua kichwa. Ndege aliyekufa ghafla, hasa akitokwa damu nyeusi isiyoganda kwenye matundu ya mwili, USIMPASUE. Kimeta humpata mbuni pia. Piga simu kwa ofisi ya mifugo, zuia mbwa, subiri maelekezo yao ya kuchoma au kuzika. Nyama ya ndege aliyejifia hailiwi, haijalishi ametoa kilo ngapi.

12. Mikono, wageni na jiko.

Maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 20, kila unapotoka. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi mikono ikiwa na kinyesi. Ukipokea watoto wa shule, weka bomba la maji kwenye njia ya kutokea, wala lisiwe nyuma ya ofisi, na vitafunwa vifunguliwe baada ya hapo. Watoto chini ya miaka 5 wasilishe ndege kwa mkono.

Wanaouza maganda ya mapambo: msipulize yai kwa mdomo ili kutoa ute. Tumia pampu ndogo au bomba la sindano, halafu loweka ganda kwenye dawa ya asilimia 0.5 na ulisuuze. Yai la kula lipikwe hadi kiini kigande. La kuchemsha zima huhitaji kama saa moja na nusu.

Ukipigwa kucha au ukachanika kwenye uzio, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya uulizie sindano ya pepopunda.

Mambo yakienda mrama

*Vifaranga wengi wanavimba tumbo awamu moja.* Rudi kwenye kiota na mashine kabla ya kulaumu chakula. Angalia daftari la uzito wa mayai. Wapeleke wawili watatu waliokufa maabara wapasuliwe.

*Wanapumua mdomo wazi, hawakoroti, hawana makamasi.* Shuku ukungu wa mifuko ya hewa. Toa matandiko yote leo, ukivaa barakoa, uyachome. Kama nyasi zilitoka mahali pamoja na za wakubwa, nazo zitoke.

*Mkubwa anakonda miezi, anakula vizuri.* Inaweza kuwa minyoo, inaweza kuwa kifua kikuu cha ndege. Huyu atengwe. Kifua kikuu cha ndege hukaa ardhini miaka, kwa hiyo ua wake usipewe vifaranga hadi majibu yatoke.

*Kifaranga anakonda, chakula kinatoka bila kusagwa.* Mwombe daktari atazame kinyesi kwa hadubini kutafuta Macrorhabdus, fangasi wa tumbo la juu. Antibiotiki haimgusi.

*Utando mweupe mdomoni.* Mara nyingi ni Candida. Jiulize ulikuwa unampa antibiotiki kwa siku ngapi.

*Umeweka dawa kila siku na bado wanahara.* Sakafu ina nyufa au ina tope. Ziba nyufa, inua sakafu, acha banda tupu likauke wiki mbili kabla ya kundi lijalo.

*Maabara imekuta Salmonella kwa ndege wasio na dalili.* Usiwachinje kwa hofu, wala usiwamiminie antibiotiki. Zungumza na daktari wa mifugo, kaza hatua ya 4, 7 na 12, na simamisha uuzaji wa mayai ya kula mpaka akupe ruhusa.

Kupeleka sampuli

Subiri ndege anye, chukua kinyesi kile kile kikiwa cha moto, kutoka sehemu ya juu isiyogusa udongo, ujaze nusu ya kichupa. Andika namba ya ndege, tarehe, saa na dawa alizopewa wiki mbili zilizopita. Kiweke kwenye barafu, usikigandishe, kifike ndani ya saa 24. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari Temeke, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro. Kenya kuna maabara kuu ya mifugo Kabete. Omba kipimo cha dawa zinazoua bakteria aliyepatikana, si jina lake tu, ili daktari asibahatishe.

Ukiumwa wewe

Kuhara na homa ndani ya saa 6 hadi siku 6 baada ya kazi chafu, fikiria Salmonella. Campylobacter huchukua siku 2 hadi 5. Kunywa maji ya ORS, na nenda hospitali ukiona damu, homa kali au ukishindwa kunywa. Miguu ikifa ganzi au kulegea wiki chache baada ya kuhara, nenda siku hiyohiyo.

Homa, kichwa kuuma sana na kikohozi kikavu siku 5 hadi 14 baada ya kusafisha banda huenda ni Chlamydia psittaci. Kwa dalili hizo utapimwa malaria, ukikutwa huna utaambiwa ni mafua. Mwambie daktari kwa maneno wazi: nafanya kazi na ndege, nilivuta vumbi la kinyesi tarehe fulani. Ugonjwa huu unatibika kwa doksisaiklini, lakini hakuna atakayeufikiria usipomtajia ndege. Na kama kichwa kinauma wiki nzima bila nafuu, shingo inakakamaa au macho yanaona ukungu, omba upimwe Cryptococcus. Kipimo cha damu kipo, na hutoa jibu siku hiyohiyo.